Nilirekodi Filamu kwa Wizi, Siri ya Shoga Yangu Ikaingia Ndani

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usisome mpaka chini ukitafuta mtu mwingine wa kumlaumu. Hayupo. Nimemtafuta mwenyewe miaka mingi na sikumpata.

Jina langu silitaji. Wanaonijua watanijua, na wengi wao walinunua DVD zangu, kwa hiyo nawaomba nao wanyamaze.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekaa Stockholm tangu enzi za simu za kukunja, Hallonbergen, ghorofa ya tano. Kazi yangu ilikuwa usafi wa maofisi alfajiri, kabla wenye ofisi hawajafika. Saa nne asubuhi nilikuwa nimeshamaliza, na katika nchi ambayo wakati wa baridi jua linazama saa tisa alasiri, mtu asiye na mume wala mtoto lazima atafute pa kwenda. Mimi nilikwenda sinema.

Huko ndiko nilikoanza wizi, na sitaki kuupamba. Nilinunua kamera ndogo ya video, kuukuu, ya kutumia vikaseti. Filamu ikionyeshwa, narekodi. Nikifika nyumbani naihamishia kwenye kompyuta, nachoma DVD, nawauzia watu wetu: Watanzania, Wakongo, Warundi, na Wakenya ambao kila mara waliilalamikia picha na kila mara walinunua. Familia ya watu saba kwenda sinema katika mji huu si mchezo. Kwangu waliiona filamu hiyohiyo wakiwa kwenye kochi lao, sahani ya wali mkononi.

Kazi niliijua, hilo lazima niseme. Kamera niliiviringisha ndani ya kofia ya sufu, jicho lake likichungulia mahali nilipofumua uzi, nikaiweka juu ya mkoba mapajani. Mchana wa siku za kazi ukumbi unakuwa na wastaafu wanane, na hawageuki nyuma. Unapumua kwa pua, polepole. Hukohoi. Filamu za kuchekesha nilizirekodi mwanzo hadi mwisho bila kucheka hata mara moja. Watu wanadhani wizi ni starehe.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kiswidi ambaye kisogo chake kilitokea pembeni, chini, katika filamu zangu tatu mfululizo. Wateja walimzoea. Filamu ya nne alipokosekana, mama mmoja alinipigia simu kuuliza kama mzee anaumwa.

Tatizo lilikuwa mkaguzi wa tiketi. Alianza kunitazama. Mwanamke peke yake na mkoba mapajani hutazamwa. Wanawake wawili na makoti yao ni mashoga waliotoka kutembea, basi. Nikahitaji mwenzangu, na nikamchukua Mama Furaha.

Mama Furaha alikuwa Mkongo wa upande wa Bukavu, mkimbizi, aliyefika hapa na kichanga mgongoni. Tulijuana kwenye darasa la Kiswidi, ambako sote wawili tulikuwa wa mwisho. Alikaa Norsborg, mwisho kabisa wa reli nyekundu ya treni za mji, na alikuwa anaosha vyombo kwenye jiko la shule. Nilipofanyiwa upasuaji alivuka mji mzima kila siku, treni mbili, na supu kwenye chupa ya chai. Mtu wa namna hiyo hupewi wawili katika maisha yako.

Nilimchagua kwa sababu alikuwa analala. Filamu ikianza tu, dakika kumi, Mama Furaha hayupo. Hakoromi, hageuki, na koti lake lilikuwa kubwa kiasi cha kumficha mtu mzima. Nilikuwa namlipia tiketi akalale, na yeye aliona ni zawadi, maana nyumbani hapati usingizi.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja, Furaha mwenyewe, wakati huo ana miaka kumi na sita. Mrefu, mkimya, wa vitabu. Mama yake akimsemesha Kiswahili, yeye anajibu Kiswidi, kama watoto wote wa hapa. Mama Furaha alikuwa ameshajiridhisha kwamba Kiswahili cha mwanawe kinaishia kwenye majina ya vyakula. Mimi nilikuwa Tanti wake, na kila nikimwona nilimpa DVD bure.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Filamu ilikuwa ya vita, na siitaji kwa kuwa haina kosa. Mama Furaha hakulala. Sijui kwa nini siku ile hakulala! Nimejiuliza hilo kuliko nilivyojiuliza jambo lolote katika uhai wangu. Labda mizinga ilimwamsha. Alikuwa macho ilipofika sehemu ambapo mama mmoja, kwenye msafara wa watu wanaokimbia, anampa mwanamke mwingine mtoto wake mchanga na kubaki barabarani.

Kiti chake kikaanza kutikisika. Nikadhani anacheka. Nikamkanyaga mguu anyamaze.

Alikuwa analia. Akainama upande wangu, mdomo wake karibu kabisa na ile kofia ya sufu, akasema kwa sauti ya chini:

"Dada, Furaha sikumuzala miye."

Nikaendelea kutazama mbele. Kwenye filamu walikuwa wamenyamaza, wanaangaliana tu kwenye mvua.

"Mama yake alikufia mu njia," akasema. "Tulikuwa tunakimbia. Alinipatia mutoto, alikuwa na miezi mbili. Mutoto hajue. Nitamuambia akimaliza masomo."

Akaendelea. Alisema mengi, na nadhani alikuwa ameyakalia miaka kumi na sita bila kumwambia mtu. Lakini mimi nilikuwa nachungulia kioo cha kamera, kwa sababu kile kiti chake kilikuwa kinatikisa na changu, na picha ilikuwa inatoka nje ya mstari. Akanyoosha mkono kutafuta wangu. Wangu ulikuwa umeshika kamera. Sikuutoa.

Akalitaja na jina la yule marehemu. Najua alilitaja, kwa sababu alisema "alikuwa anaitwa," na hapohapo kwenye filamu jengo likalipuliwa, likaanguka lote kwa ghorofa zake zote.

Tulipotoka nje kwenye theluji alijifuta uso, akanishika bega, akanishukuru kwa kumsikiliza. Nikamwambia hakuna shida.

Sasa hapa ndipo penye kosa la kwanza, na naliandika wazi. Nilijua kamera ilikuwa inawaka. Nilijua mdomo wake ulikuwa umbali wa kiganja. Jioni ile nilipoihamishia filamu kwenye kompyuta nikakagua kama kawaida yangu, dakika kumi za mwanzo na dakika kumi za mwisho. Niliwaza kusikiliza katikati. Nikajiambia maikrofoni ya kamera kuukuu haiwezi kushika mnong'ono mbele ya spika zile. Nikajiambia watu wanaisubiri filamu Jumapili. Nikajiambia nina usingizi. Nikachoma nakala kumi na mbili.

Jumapili kulikuwa na sherehe ya ubatizo Spånga, kwa familia moja ya kanisani kwa kina Mama Furaha. Mimi Mwislamu, lakini kwenye ubatizo wa Wakongo huwezi kukosa, kwa chakula tu. Viatu vimejaa mlangoni mpaka kwenye ngazi. Wanaume barazani, watoto sebuleni, sisi wanawake jikoni. Nilipeleka DVD ile kama zawadi. Niliwakabidhi watoto mwenyewe, nikawawekea kwenye mashine mwenyewe.

Mama Furaha alikuwa amesimama kwenye jiko, anageuza sombe, kisamvu chao. Tulikuwa tunazungumzia bei ya mafuta ya mawese. Ghafla sebuleni kukawa kimya, yaani filamu imefika kwenye mvua, kisha ikaja kupitia mlango wazi sauti ya Mama Furaha. Wanawake wote wakamtazama Mama Furaha, ambaye mdomo wake ulikuwa umefumbwa.

Maikrofoni ile ilikuwa nzuri kuliko nilivyodhani.

Tungeweza kudhani tumesikia vibaya. Wanawake wa kanisani ni watu wema, wangejifanya hawakusikia. Lakini mtoto mmoja wa miaka saba au minane alifurahi sana kumkuta mtu anayemjua ndani ya filamu. Akachukua rimoti, akarudisha nyuma, akaongeza sauti. Mara ya pili hapakuwa na mtu nyumba nzima ambaye hakusikia, hata wanaume barazani.

Furaha alikuwa amekaa kwenye kochi, katikati ya watoto. Akainuka, akaja mpaka mlango wa jikoni. Akamuuliza mama yake, kwa Kiswahili, Kiswahili cha Bukavu kilichonyooka ambacho hakuna aliyewahi kumsikia nacho:

"Mama, ni kweli?"

Mama Furaha hakuachia mwiko. Akasema, "Njo vile, mwanangu. Ni kweli."

Furaha akaenda mlangoni, akatafuta viatu vyake kwenye lile rundo, ikamchukua muda, wote tukamsubiri. Akavaa koti akatoka. Mama yake akazima jiko, akanigeukia. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru.

"Mashine ilikuwa inawaka?"

"Ndiyo."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Akatingisha kichwa mara moja kama mtu aliyeelezwa treni imechelewa. Akauosha ule mwiko, akauweka mahali pake, akamfuata mwanawe.

Nakala nyingine kumi na moja nilizifuata nyumba hadi nyumba, na kila nyumba nilikaribishwa chai na kuambiwa pole, kwa maana walikuwa wameshaitazama. Mama Furaha alikaa miezi akisubiri barua ya ofisi ya wahamiaji, kwa sababu kwenye karatasi zote Furaha aliandikwa ni mtoto wa kumzaa. Barua haikuja. Polisi wa filamu nao hawakuja. Kamera niliitupa kwenye pipa la vyuma, nikafuata utaratibu wa nchi. Katika wizi wote ule hakuna mtu aliyenigusa hata kwa ukucha.

Ningeweza kuishia hapa, ukanihurumia kidogo. Lakini sijafika kwenye lile kosa lenyewe.

Furaha alikaa kwa rafiki yake wa shule wiki tatu, kisha akarudi Norsborg kwa mama yake. Wakaanza kuzungumza, kidogokidogo. Nilisikia hivyo kwa watu, kwa sababu Mama Furaha hakuwa anapokea simu yangu. Nilifurahi. Nilisema moyoni, wataelewana, na siku moja na mimi nitasamehewa.

Jumamosi moja kengele ya mlango wangu ikalia. Furaha. Alivua viatu, akaingia, hakutaka chai. Alikuwa na ile DVD mkononi. Akaomba tuiweke. Tukakaa sote wawili kwenye kochi tukamsikiliza mama yake analia, mpaka jengo likaanguka. Akazima.

"Tanti," akasema, naye alikuwa anasema Kiswahili, taratibu, kama mtu anayebeba kitu kilichojaa. "Mama amenipatia jina ya yule mama. Sikuambii ni gani. Nataka kusikia kwako jina yenye alisema pale, wakati hakujua kama nitasikia. Yakifanana, basi, nitamuamini na ingine yote."

Nikamtazama. Alikuwa amepiga hesabu yake vizuri. Mama yake alimficha miaka kumi na sita, sasa anamweleza mambo, na mtoto atajuaje kama si hadithi nyingine? Shahidi alikuwa mmoja tu duniani, na ni mimi. Nilikaa pale, nilikuwa na masikio mawili mazima.

Akaongeza, "Kama haujue, sema tu haujue. Sitakasirika."

Ee Mola wangu, mtoto yule alinifungulia mlango akausimamia kabisa! Na mimi sikuwa najua. Nilikuwa nachungulia kioo. Lakini ningemwambiaje kwamba mama yake alinililia begani na mimi nilikuwa naweka picha sawa? Nilitaka nimpe kitu. Nilitaka atoke kwangu akiwa na kitu, na anitazame kama zamani. Nikajaribu kukumbuka. Nikaona kama nakumbuka, kulikuwa na herufi e, au labda a. Nikafikiria majina ya kinamama wa Kikongo niliowajua kanisani.

Nikasema, "Esperansi."

Nikalisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Tena nikaongeza, "Ndiyo, Esperansi, nakumbuka vizuri."

Hakubadilika uso. Akasema asante Tanti. Akavaa viatu, akafunga kamba za kulia, akafunga za kushoto, akaenda zake.

Jioni ile Mama Furaha alinipigia simu, mara ya kwanza tangu Spånga. Akaniuliza nimemwambia mtoto jina gani. Nikamwambia. 

"Alikuwa anaitwa Vumilia," akasema. "Ni miye peke yangu nilibaki nalijua hili jina, dada. Wengine wote walikufa."

Jumatatu nilikwenda kumngojea Furaha nje ya shule yao. Nikamwambia nilibuni. Nikamwambia sikusikia, nilidanganya, jina la kweli ni lile aliloambiwa na mama yake. Akaniuliza, sasa kwa Kiswidi, nimejuaje ni jina gani aliloambiwa na mama yake. Nikasema mama yake amenieleza kwenye simu.

"Kwa hiyo mmeshazungumza," akasema.

Nikamwapia kwa Mwenyezi Mungu. Akanijibu, bila hasira yoyote, kwamba ile Jumamosi sikuapa na nilionekana na uhakika zaidi. Basi lake likaja, akapanda.

Hakumtupa mama yake, asije mtu akasema hivyo. Alimaliza shule, akahamia mji mwingine kwa kazi, anapiga simu sikukuu zote na anamwita Mama. Lakini juu ya safari ile ya kukimbia, njia gani, mwezi gani, yule marehemu alisema nini alipokuwa anatoa mtoto, hakumuuliza tena. Mama Furaha alikuwa na hadithi nzima ya kumpa, na mwenyewe hakuitaka, kwa kuwa neno la kwanza lilikuwa halikubaliani.

Mwaka jana Furaha alijifungua mtoto wa kike. Mama Furaha ndiye aliyeniambia. Siku hizi hunipigia mara moja moja, husema hana kinyongo, na mimi huwa naona afadhali angekuwa nacho. Nikamuuliza mtoto ameitwa nani. Kwa mila zetu, zao na zetu pia, jibu linajulikana: mtoto wa kike wa kwanza huchukua jina la bibi aliyetangulia.

Ameitwa Maja. Jina la Kiswidi, zuri tu. Mama Furaha alimuuliza binti yake kwa nini, naye akasema alikuwa na majina mawili ya bibi, hakuweza kujua lipi ni la mtu na lipi si la mtu, akaogopa kumpa mwanawe lisilo la mtu.

Vumilia alifia barabarani akiwa amemwachia mwenzake vitu viwili, mtoto na jina. Mtoto amefika, ana digrii, ana mwana. Jina limeishia kwenye kochi langu Hallonbergen.

Wewe unayesoma, mambo ya kurekodi filamu sitakuhubiria, siku hizi kila mtu ana kamera kwenye simu na ananijua kuliko ninavyojijua. Ninachokuomba ni kidogo. Mtu akija kwako kuuliza jambo na wewe hulijui, usimpe la kubuni ili akuone mwema. Mwambie hulijui, hata kama itabidi umweleze ulikuwa unafanya nini wakati linasemwa. Aibu hiyo ingenichukua dakika tano.